Damu ya Moyo, Damu ya Paja

Nyuma ya hospitali kuu, upande ambao wagonjwa hawafiki na wazima hawapendi kupita, kuna jengo la maabara lenye madirisha ya vioo vya ukungu. Humo alifanya kazi mwanamke ambaye wenzake walimbandika jina la Hatulii, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Mashine ikinguruma, wenzake wakivuta viti na kumimina chai, yeye huenda na kurudi ukumbini, mikono nyuma, akisimama kila afikapo mlangoni kusikiliza kama mlio umebadilika. Vigae vya ukumbi ule vilikuwa vimechujuka katikati tu, na mama wa usafi hakuficha ni viatu vya nani vilivyovila.

Kazi yake, tusizunguke, ilikuwa kutafuta dawa na sumu ndani ya miili ya watu waliokufa. Mtu akifa na sababu haijulikani, daktari wa maiti humpasua, akachukua damu, mkojo kama upo, kipande cha ini na vilivyomo tumboni, kila kitu na chupa yake. Chupa hizo humfikia Hatulii ndani ya mfuko wenye lakiri ya polisi. Za damu huwa na vifuniko vya kijivu, na ndani yake hutiwa unga kidogo wa kuzuia damu isichache, kwa sababu damu ikichacha hutengeneza pombe yenyewe, na marehemu ambaye maisha yake yote hakuionja akaonekana kafa mlevi. Hatulii hupima, hupitisha kwenye mashine inayotenganisha dawa hii na ile, halafu hurudia yote upya, kana kwamba mara ya kwanza imefanywa na mtu asiyemwamini.

Nyumbani alikuwa na mume fundi saa, mtu wa kukalia kiti kimoja tangu asubuhi mpaka jua kuzama, jicho moja kwenye kioo cha kukuzia. Watu walicheka sana waliposikia hawa wawili wameoana. Mume mwenyewe alikuwa akisema kwamba saa zote alizowahi kuzitengeneza zilisimama isipokuwa hiyo moja aliyoioa. Na dada za mumewe wakija kutembea hawakumwacha. Wakipewa chai, mdogo wao lazima anuse kikombe, amtupie jicho, aulize:

"Wifi, hii umeipima au tunywe tu na roho zetu mkononi?"

"Kunywa. Ukianguka nitakupima mwenyewe, tena bure."

Walimpenda, na utani wenyewe ulikuwa dalili. Lakini mumewe, aliyemjua kuliko wote, alijua pia kwamba mkewe halali vizuri usiku wa siku aliyotoa jibu. Jibu lake lilikuwa na uzito. Likitoka, kuna mtu huenda nyumbani na kuna mtu huenda mahabusu, na yeye wote wawili hajawahi kuwaona nyuso.

Sasa kuna mzee mmoja aliyekufa kitandani kwake. Alikuwa mtu mzima sana, miguu yake ikimuwaka moto wa mishipa ya fahamu kwa miaka, na kwa ajili ya maumivu hayo alipewa vidonge vya kumeza kila jioni. Aliyempa vidonge alikuwa mkaza mwana wake, mke wa mwanawe aliyetangulia kufa. Mume alipokufa, wengi walitegemea mwanamke yule atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alibaki kumhudumia baba mkwe: kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumlisha. Mabinti wa mzee walikuwa wameolewa mbali kidogo na walikuja wanapoweza. Mzee alipokufa, binti yake mkubwa aliangalia nyumba, akamwangalia mkaza mwana aliyekuwa akiishi ndani yake, hesabu zake zikamwambia kitu. Akaenda polisi. Akasema baba alikuwa akilala mno siku za mwisho, na mwenye kushika vidonge alikuwa mtu mmoja tu.

Ndiyo mzee akapasuliwa, na ndiyo chupa zake zikafika kwa Hatulii.

Afande aliyepewa kesi hiyo alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili zisizonyamaza, na familia ilimkalia kooni ikitaka mwili izike. Alipiga maabara asubuhi, akapiga adhuhuri, na alipopiga jioni mashine ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza. Hatulii alikuwa amesimama mbele yake. Ile dawa ya mishipa ilikuwemo kwenye damu ya mzee, na ilikuwemo kwa wingi. Alishapima mara ya pili, ikatoka vilevile.

Aliambiwa na afande kwamba maandishi atayangoja, hana neno, lakini kwa wakati huu anaomba kauli moja tu, mwili uko njiani kutolewa.

"Dada yangu, ni kingi au ni kidogo?"

Siku nyingine zote angejibu asubiri karatasi. Ndivyo alivyokuwa akiwajibu polisi tangu anaanza kazi, na walimzoea. Jioni hiyo alikuwa amechoka, simu imemwandama siku nzima, na mbele yake kuna namba ambayo kwenye jedwali la watu walio hai huikuta imeandikwa upande wa wasioamka.

"Ni kingi," akasema. "Ni kiwango cha kuua."

Afande akashukuru, simu ikakatika. Kabla giza halijaingia sawasawa, mkaza mwana alichukuliwa kutoka katikati ya waombolezaji, mikono ikiwa bado na povu la sabuni ya vyombo.

Hatulii hakujua hilo. Alijua tu kwamba kuna kitu kimemganda rohoni. Usiku alisimama, akaketi, akapanga upya kabati lililokuwa limepangika. Mumewe alimwangalia, akamuuliza kama kuna saa mahali fulani inayompigia kengele. Alipitia kila hatua ya upimaji kichwani na hakuona kosa, na kutoliona ndiko kulikomtesa.

Asubuhi aliwahi kazini kuliko mlinzi wa zamu mpya. Akafungua jokofu apange chupa za mzee mahali pa kuhifadhiwa. Akaishika ile ya damu, yenye kifuniko cha kijivu, akataka kuiweka juu ya rafu. Mkono ukasita.

Chupa ilikuwa nzito.

Aliinyanyua mbele ya taa. Alishachota humo kwa kipimo cha kwanza, akachota kwa cha pili, akachota tena ya akiba, na bado damu ilikuwa karibu na shingo ya chupa. Maana yake ilipofika ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Hapa tusimame kidogo, maana bila kulielewa hili hadithi haiendi. Damu inayofaa kupimwa kwa kazi hii huchukuliwa pajani, kwenye mshipa mkubwa, baada ya kuufunga kwa uzi upande wa juu ili ya tumboni isishuke. Huja kidogo kidogo, kwa kubembelezwa. Daktari akipata nusu chupa hushukuru. Damu inayojaza chupa mpaka mdomoni hutoka pahali pamoja, nayo ni kifuani, moyoni, ambako ipo tele na sindano haihitaji kubembeleza.

Na moyo wa maiti ni shahidi mbaya. Mtu akiwa hai, dawa kama zile za mishipa hazielei tu kwenye damu. Hujibanza kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye nyama ya moyo wenyewe, zikakaa huko. Akifa, kuta zinazozishikilia hulegea, na dawa huanza kuvuja kurudi kwenye damu iliyo jirani. Kadiri maiti anavyolala, damu ya moyo inazidi kunywa dawa ambayo marehemu alipokuwa akivuta pumzi haikuwemo humo. Paja liko mbali na vurugu hizo. Ndiyo sababu paja huulizwa.

Mashine, basi, haikukosea. Namba ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilikuwa namba ya kifua cha mtu aliyelala siku kadhaa kwenye baridi, na yeye Hatulii ameisoma kama namba ya mzee aliyekuwa akigeuka kitandani mwake. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa iliandikwa "damu", basi. Hakuuliza damu ya wapi. Mtu wa kazi nyingine asingejua kuuliza; mtu wa kazi yake, kutouliza ndiyo dhambi yenyewe.

Alimpigia afande. Afande, aliyekuwa bado anakunywa chai, alimweleza kwa furaha kwamba mtuhumiwa yuko ndani tangu jana na marehemu anazikwa adhuhuri.

Hatulii aliirudisha chupa jokofuni.

"Afande, ile kauli ya jana naiondoa."

Afande akasema, polepole, kwamba kauli si nguo iliyoanikwa, mtu hawezi kuianua mawingu yakitanda. Kuna mtu amelala sakafuni kituoni kwa sababu ya kauli hiyo. Hatulii alimwambia ndiyo maana anaiondoa sasa hivi wala hangoji saa ya ofisi. Akamwomba kibali cha kuchukua damu nyingine kabla mwili haujatoka. Mzee akishazikwa, kumfukua ni mpaka mahakama, na kwa wakati huo hata paja litakuwa halina la kusema.

Afande aliguna muda mrefu. Halafu akasema atakutana naye mochwari.

Hatulii hakungoja gari la ofisi. Alikata kwa miguu, koti jeupe likimpepea, akapita nyuma ya jiko la hospitali na kufulia, watu wakimpisha wakidhani kuna mgonjwa anakata roho. Alimkuta daktari wa maiti akinawa. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, peke yake kwa miili ya wilaya nzima, maana mwenzake alikuwa likizo. Hatulii hakumzunguka, akamuuliza damu ya mzee ilitoka wapi.

Daktari alifunga bomba la maji. Akakumbuka. Akasema mshipa wa paja ulimkatalia siku ile, akajiambia achukue ya moyo kwa muda, aandike, arudie mguu baadaye. Katikati akaitwa kwenye ajali ya barabarani, na hakurudi.

"Nilijua nimesahau kitu," akasema. "Nimekuwa nikikitafuta kichwani tangu juzi."

"Na mimi nilikuwa na kinywa cha kuuliza, sikukitumia. Twende, daktari. Nje nasikia gari."

Kweli gari lilikuwa nje. Wajukuu wa mzee walishafika na jeneza, na binti mkubwa alikuwa mlangoni, kilemba kimefungwa kwa kukazwa, anauliza kuna nini tena, baba yake amegeuka shamba la kuchimbwachimbwa? Afande alimvuta pembeni akamtuliza kwa maneno ambayo Hatulii hakuyasikia, ila sauti ya mama yule aliisikia ikipanda na kushuka muda wote.

Ndani, daktari aliufanyia kazi mguu wa kulia bila mafanikio. Akahamia wa kushoto. Aliukamua kwa viganja kutoka gotini kwenda juu, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa, na damu ikaja, nyeusi, kidogo, ikafunika kitako cha chupa. Akaongeza na kipande cha nyama ya paja, maana dawa huacha alama humo pia. Hatulii aliandika mwenyewe kwenye chupa: damu, paja la kushoto.

Kisha mzee akaoshwa, akavishwa, akaenda kuzikwa. Mkaza mwana alikuwa kituoni. Afande alisema hawezi kumwachia kwa kauli iliyoondolewa tu; anataka kauli iliyosimama. Hatulii mwenyewe ndiye aliyempa jana ile iliyoanguka.

Siku hiyo hakuna aliyemwona ameketi. Alitayarisha damu ya paja, nyama ya paja, na ini lililokuwa jokofuni tangu mwanzo. Aliweka na maji matupu, ili mashine ikimletea dawa kwenye maji ajue inamdanganya. Alienda na kurudi. Mumewe alimletea chakula kwenye bakuli la kifuniko, akamfuata ukumbini hatua kwa hatua akimshikia kijiko, watu wakacheka, na yeye alikula matonge machache akiwa anatembea. Alimweleza mumewe yote. Mume hakumwambia usijali. Alimuuliza tu:

"Na ikitoka kubwa tena?"

"Basi ni kubwa, na nitasema ni kubwa. Sitafuti jibu zuri. Natafuta lililo lake."

Hilo lilimkera zaidi ya yote, kwamba alijikuta anatamani itoke ndogo. Anayepima hatakiwi kutamani.

Majibu yalitoka siku ya pili yake asubuhi. Dawa ilikuwemo kwenye damu ya paja, kwa kiasi anachokuwa nacho mtu anayemeza vidonge vyake kama alivyoandikiwa, juu kidogo labda, kama ilivyo kwa wazee ambao ini lao limepunguza mwendo. Nyama ya paja ikakubaliana. Ini likakubaliana. Tumboni hamkuwa na mabaki ya vidonge. Daktari naye alileta aliyoyaona tangu mwanzo, yakafunikwa na ile namba: mapafu ya mzee yalikuwa yamejaa usaha, homa ya mapafu iliyoanzia chini na kupanda. Kule kulala mno kwa siku za mwisho kulitokana na hilo.

Safari hii Hatulii hakupiga simu. Aliandika, akasaini, akaipeleka kwa mkono wake. Afande alisoma mara mbili, akaagiza mwanamke aletwe.

Ilikuwa mara ya kwanza Hatulii kumwona uso mtu wa upande wa pili wa jibu lake. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, kanga yake imekunjamana. Afande akamwambia yuko huru. Hakushukuru wala hakulia. Aliuliza baba mkwe kazikwa lini, akaambiwa jana. Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea mzigo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria:

"Sasa nani atawaambia mawifi zangu? Mimi kwangu ni pale. Nikiingia na karatasi ya polisi mkononi watasema nimehonga."

Afande alisema hilo si la polisi. Hatulii akasema ni lake.

Walikwenda watatu kwa gari la afande. Msibani viti vilikuwa bado uani, sauti za wanawake zikaisha ghafla walipoingia. Mkaza mwana alikataa kuvuka kizingiti, akabaki nje ukutani. Binti mkubwa hakuinuka alipokuwa.

"Wewe ndiye uliyesema wifi yetu kamuua baba," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiye mimi, mama. Nilisema kabla sijajua. Leo nimekuja kusema ninalolijua."

Wakamletea kiti, hakukikalia. Akatafuta maneno, macho yakamwangukia beseni la nguo lililokuwa kando ya ukuta. Akamwambia: umeloweka nguo inayotoa rangi. Ukichota maji pale pale ilipo nguo, utaapa beseni zima ni jekundu. Chota pembeni kabisa, maji ni maji. Mimi nilipewa maji ya karibu na nguo, na sikuuliza yamechotwa wapi. Akaeleza kuhusu moyo na paja, kuhusu mapafu. Hakuficha lake wala hakumtaja daktari.

Binti mkubwa alisikiliza, uso mgumu.

"Na kesho utakuja na maji mengine?"

"Damu ya paja imebaki kwenye jokofu. Mkitaka apime mtu mwingine, mahali pengine, ipo. Sitakasirika."

Mama yule aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, si ya ugomvi.

"Baba aliumia? Ile miguu. Mimi sikuwepo."

Hatulii alifikiri kabla ya kujibu. Safari hii alifikiri kweli.

"Maumivu siwezi kuyapima. Ninachoweza kukwambia ni hiki: kiasi nilichokikuta kwenye nyama yake hakiingii kwa siku moja. Ni cha mtu anayepewa dawa yake kila jioni, bila kurukwa. Kuna aliyekuwa hasahau."

Mmoja wa wadogo zake alianza kulia kimyakimya, akajifunika kwa mtandio. Binti mkubwa akainuka kwa taabu, mikono magotini, akaenda mpaka mlangoni. Hakuomba radhi, huenda hakuwa ameipata bado. Akatoa kichwa nje, akasema na mtu aliyekuwa ukutani:

"Wifi. Shuka za baba za akiba unaweka wapi? Tumetafuta nyumba nzima."

"Sanduku la chini ya kitanda. Lina kitasa kibovu, lazima ukinyanyue."

"Njoo unyanyue mwenyewe."

Mkaza mwana akavua viatu, akaingia. Alipita katikati ya wote bila kumtazama mtu, na binti mkubwa akamfuata nyuma, mpaka chumba cha ndani, mlango ukarudishwa.

Garini afande alipumua kwa nguvu. Akasema mambo yamekwisha vizuri, zaidi ya alivyotegemea.

"Mkaza mwana hakumzika mzee," Hatulii akasema.

Afande akawasha gari. Walikwenda kidogo, wakafika penye njia panda, na Hatulii akamwomba asimamishe, atashukia hapo. Afande akamwambia hospitali bado mbali. Akasema anajua. Akafunga mlango, akaanza kutembea, mikono nyuma.